KUULIZA VYEMA NI NUSU YA ELIMU

Ndugu msomaji, wazee wetu walituachia neno jema waliposema kwamba kuuliza si ujinga. Na wenye hekima wa Kiarabu walisema kwamba kuuliza vyema ni nusu ya elimu. Maneno haya mawili hayagongani. La kwanza linamwondolea mtu haya ya kuuliza. La pili linamfundisha kwamba si kila aulizaye ameuliza. Mtu aweza kuuliza kutwa nzima asipate kitu, na mwenzake akauliza mara moja tu akapata haja yake, ilhali wote wawili wamemuuliza yule yule.

Jambo hili lilikuwa kweli tangu zamani, lakini katika zama zetu limekuwa na uzito mpya. Hapa kwetu Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe katika Mkoa wa Njombe, mwenye haja ya kujua jambo alikuwa na milango michache ya kubisha: mzee wa ukoo, mwalimu wa shule, bwana shamba, mganga wa zahanati, na redio. Leo milango hiyo ingalipo, lakini wengi hawaibishi tena. Mkulima aliye shambani, kijana anayengoja basi la Songea pale stendi ya Makambako, mama aliyempakata mtoto mwenye homa, wote hutoa simu mfukoni na kuiuliza. Na simu hujibu upesi, tena kwa majibu mengi kuliko anavyoweza kuyasoma mtu kwa siku moja.

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: je, tunajua namna ya kuiuliza? Na je, tunajua ni nani hasa anayetujibu? Asiyejua haya mawili hupoteza bando lake, na bando si hasara kubwa. Lakini huenda akapoteza shamba, au mtaji, au afya ya mtoto wake. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

FAHARASA YA DUNIA

Kabla ya kusema habari za kuuliza, yafaa tumjue tunayemuuliza. Watu wengi hudhani kwamba wakiandika neno katika Google, au katika mtambo mwingine wa kutafutia, basi saa ile ile mtambo hukimbia duniani kote kuwatafutia jawabu. Sivyo hivyo. Kazi hiyo imekwisha kufanywa kabla yao. Ziko programu ambazo hupita usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja wa intaneti hadi mwingine, zikisoma na kunakili yaliyomo. Kisha maneno hayo hupangwa katika orodha kubwa mno, kila neno pamoja na kurasa linamopatikana. Wewe ukiuliza, mtambo hufungua orodha hiyo. Kwa neno letu la siku zote, hiyo ni faharasa, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu.

Na neno hilo faharasa, au fahirisi kama wengine wasemavyo, lina nasaba yake. Mwaka 377 wa Hijra, sawa na 987 Miladia, muuza vitabu mmoja wa Baghdad aitwaye Ibn al-Nadim alitunga kitabu chake al-Fihrist. Alikusudia kuorodhesha vitabu vilivyopatikana katika lugha ya Kiarabu, vya kila fani, pamoja na habari za waliovitunga, na akaigawa kazi hiyo katika sehemu 10. Vitabu vingi alivyovitaja vimepotea, na leo twavijua kwa jina tu kwa sababu yeye aliviorodhesha. Kadhalika ile hesabu ya hatua kwa hatua ambayo mtambo huifuata katika kuamua ukurasa upi uwe wa kwanza na upi uwe wa mwisho huitwa algorithimu, nalo ni jina la al-Khwarizmi lililogeuzwa katika ndimi za Wazungu. Huyo alikuwa mwanahesabu aliyefanya kazi Baghdad katika siku za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833.

Ama mitambo ya kutafutia ya siku hizi ina umri mfupi. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alitengeneza programu iitwayo Archie, iliyoorodhesha majina ya mafaili yaliyokuwa yametawanyika katika kompyuta za mbali. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, waliunda kampuni ya Google. Fikra yao kubwa ilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi, hasa zile ambazo zenyewe zina heshima, ndio unaostahili kutangulizwa. Tangu hapo yameongezwa mambo mengi katika hesabu hiyo, lakini msingi wake wafaa kukumbukwa: kutangulia mbele si dalili kwamba ukurasa unasema kweli. Ni dalili kwamba maneno yake yanafanana na maneno yako, na kwamba unatajwa sana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtambo wa kutafutia si mwanachuoni. Ni karani hodari wa maktaba. Ukimtajia maneno, atakuletea vitabu vyenye maneno hayo au yaliyo karibu nayo. Hakuulizi kama maneno uliyoyatumia ni sahihi, wala hadhamini ukweli wa kila aliyeandika kitabu.

SHAMBA LA VIAZI

Nitakupa mfano mmoja nilioushuhudia, kwani mfano ulio karibu hufundisha kuliko maelezo ya mbali.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto wanne, ana shamba la viazi mviringo upande wa Imalinyi. Msimu mmoja viazi vyake vilianza kunyauka. Jioni moja alinijia na simu mkononi.

"Kamwene, Mwalimu," alinisalimu.

"Kamwene, mama. Habari za shamba?"

"Shamba linakufa, Mwalimu. Lakini nimeuliza kwenye simu, imeniambia dawa ipo. Nataka uniangalizie tu kama bei hii ni ya haki, nitume pesa leo."

Pesa aliyokusudia kuituma ilikuwa ile aliyoiweka kwa ajili ya mbolea ya mahindi. Niliomba kuona alivyouliza. Aliandika hivi: dawa ya viazi kunyauka. Na majibu yaliyotangulia yalikuwa ya wauza dawa, kila mmoja akisifu chupa yake kwamba huponya kunyauka, kukauka, kuoza na kila balaa ya viazi.

Tazama hapo. Mama yule hakuuliza viazi vyake vina nini. Aliuliza dawa. Swali lake lilikuwa limekwisha kuamua kwamba dawa ipo, na kilichobaki ni kujua inauzwa wapi. Na kwa vile neno "dawa" hupatikana zaidi katika maandishi ya wanaouza dawa, karani wetu alimpeleka moja kwa moja sokoni. Hakumdanganya. Alimpa alichokiomba.

Basi tuliweka kando habari ya dawa, tukaanza na macho yake mwenyewe. Nilimuuliza: majani yana mabaka meusi? Akasema hayana. Upande wa chini wa jani kuna ukungu mweupe? Hakuna. Mmea hunyauka vipi? Akasema hulegea ghafla ungali kijani, mchana hulala, jioni huinuka kidogo, na baada ya siku chache hauinuki tena. Tukayaandika hayo: viazi mviringo vinanyauka majani yakiwa kijani. Katika majibu yaliyokuja, ukurasa mmoja ulikuwa na jina ambalo yeye hakuwa nalo: mnyauko bakteria.

Jina hilo ndilo lililokuwa ufunguo. Tukauliza upya, safari hii tukiandika "mnyauko bakteria" ndani ya alama za kunukuu, tukaongeza viazi mviringo, na mwishoni tukaandika site:go.tz ili tuletewe kurasa za serikali ya Tanzania tu. Wauza chupa wakatoweka wote. Mahali pao yakaja maandishi ya watu wa kilimo, na kauli yao ilikuwa moja: ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaoishi katika udongo na katika mbegu, na hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Dawa nyingi alizokuwa akiuziwa zilikuwa za kuzuia ukungu, maradhi mengine kabisa.

Tukajifunza pia jaribio ambalo kila mkulima anaweza kulifanya. Hukatwa kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na udongo, kikaning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi bila kutikiswa. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache hutoka nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya maji. Asubuhi tukafanya hivyo, na nyuzi zikashuka.

Sitakuambia kwamba shamba liliponyoka. Sehemu kubwa ya viazi vile ilipotea. Lakini mama yule hakutuma pesa yake. Aling'oa mimea iliyougua na kuiondoa shambani. Akaacha kuyapitisha maji ya shamba hilo kwenda kwenye vinyungu vya bondeni, maana maji huwabeba bakteria hao. Akaosha majembe. Hakuweka mbegu kutoka katika mavuno yale, ambayo kwa macho baadhi yake yalionekana mazima. Akapanda mahindi mahali pale, na amekusudia kupanda nafaka kwa misimu kadhaa, akiepuka nyanya, bilinganya na pilipili ambazo ni ndugu wa kiazi na huugua ugonjwa ule ule. Na lile fungu la mbolea lilibaki kuwa fungu la mbolea.

Tofauti ya jioni ile na asubuhi yake haikuwa simu mpya wala intaneti yenye kasi zaidi. Ilikuwa ni maneno ya swali.

ADABU ZA KUULIZA

Kutokana na mfano huo na mingine, nimekusanya adabu chache ambazo kila mwenye simu anaweza kuzifuata.

Kwanza, usitie jawabu ndani ya swali. Anayeandika "faida za kitunguu saumu kwa presha" ataletewa faida tu, kwa sababu hakuuliza kama faida hizo zipo. Anayeandika "madhara" ataletewa madhara. Uliza kwa namna inayoacha mlango wazi: kitu hiki ni nini, husababishwa na nini, hutambuliwaje. Na ukitaka kuamua jambo, uliza pande zote mbili kabla hujakata shauri.

Pili, tumia maneno ya mtu ambaye ungependa akujibu. Mgonjwa husema "tumbo linaunguza". Mganga huandika "vidonda vya tumbo" au "kiungulia". Mtambo humfikia mganga upesi zaidi ukipewa maneno yake. Ikiwa hujui maneno hayo, swali lako la kwanza liwe la kutafuta jina, na swali la pili liwe la kutafuta habari yenyewe. Wengi huchoka baada ya swali la kwanza, nao walikuwa wamebakiza hatua moja tu.

Tatu, kumbuka kwamba Kiswahili ni kipana. Viazi hivi ambavyo malori huvipakia Makambako, hapa huitwa viazi mviringo au viazi tu. Wengine huviita viazi ulaya. Pwani na Visiwani ni mbatata. Aliyeandika kuhusu viazi huenda yuko Mbeya, Zanzibar au Nakuru, na kila mmoja ameandika kwa neno la kwao. Jaribu jina la pili na la tatu. Waweza hata kuyaandika kwa pamoja na kuyatenganisha kwa neno OR la herufi kubwa, yaani hili au lile. Kuna jambo jingine la lugha yetu: maneno yake hubadilika mwanzoni. Mkulima, wakulima, kilimo, nimelima, tunalima, yote yametoka katika shina moja. Mitambo hii ilizoezwa kwanza kwa Kiingereza, ambacho maneno yake aghalabu hubadilika mwishoni. Basi usishangae ukipata majibu tofauti ukiandika "jani" na ukiandika "majani". Jaribu umoja na wingi, jaribu jina na kitendo.

Nne, funga kwa alama za kunukuu maneno yanayokwenda pamoja. Ukiandika mnyauko bakteria bila alama hizo, mtambo waweza kukuletea kurasa za mnyauko wa migomba na kurasa za bakteria wa kuharisha. Ukizifunga, unamwambia karani kwamba unayataka maneno hayo yakiwa bega kwa bega.

Tano, toa usichokitaka. Weka alama ya kutoa mbele ya neno bila ya kuacha nafasi. Aandikaye viazi -vitamu anaambiwa habari za viazi, na zile zenye neno "vitamu" huachwa kando.

Sita, chagua nyumba unayotaka kubisha. Neno site: likifuatiwa na anwani, bila ya nafasi katikati, huufungia mtambo ndani ya anwani hiyo. Anwani zinazoishia na go.tz ni za serikali ya Tanzania, zinazoishia na ac.tz ni za vyuo na taasisi za elimu. Mwenye kutafuta matokeo ya mtihani wa Taifa hana haja ya kupita katika vichochoro. Aende kwenye necta.go.tz moja kwa moja. Mwenye kutaka utabiri wa mvua aende meteo.go.tz. Na ikiwa unatafuta kitabu kizima cha maelekezo kuliko habari fupi, ongeza filetype:pdf, kwani miongozo mingi ya wataalamu imewekwa kwa umbo hilo.

Saba, taja mahali na mwaka. Kalenda ya kupanda ya Kenya ya kati si kalenda ya Njombe, na bei ya mwaka juzi haimsaidii anayeuza leo. Neno "Njombe" au "Nyanda za Juu Kusini" likiongezwa huondoa mengi yasiyokuhusu. Na kila ufunguapo ukurasa, tafuta tarehe yake kabla hujasoma.

Nane, kwa mambo ya mimea, wadudu na maradhi, tafuta jina la kitaalamu. Bakteria wa mnyauko huitwa Ralstonia solanacearum. Jina hilo ni la Kilatini, halibadiliki kwa Mreno wala kwa Mhindi, na mwenye kulijua anaweza kusoma au kutafsiriwa yaliyoandikwa katika nchi yoyote. Ni daraja la kutoka lugha moja hadi nyingine.

NANI AMESEMA?

Kuuliza vyema, ndugu msomaji, ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kumchunguza anayejibu.

Katika historia ya Uislamu wako wanazuoni walioitumia miaka yao katika kazi hii. Waliokusanya Hadithi hawakutosheka kuambiwa kwamba fulani amesema. Waliuliza: nani amekuhadithia, naye alisikia kwa nani, je, walikutana, na je, kumbukumbu yake ilikuwa madhubuti? Imam Bukhari alisafiri miji mingi kwa ajili hiyo. Habari inayopita katika simu zetu haina utukufu wa Hadithi, lakini swali lile lile latufaa.

Tazama kwanza safu za juu za majibu. Baadhi yake ni matangazo yaliyolipiwa, na huwekewa alama ndogo ya kuonyesha hivyo. Aliyelipa amenunua mahali pa mbele, hakununua ukweli. Siku hizi tena mara nyingi hutangulizwa muhtasari uliotungwa na mashine yenyewe, kwa maneno fasaha yanayoonekana kama kauli ya mwisho. Muhtasari huo waweza kufaa, na waweza pia kuchanganya kiazi mviringo na kiazi kitamu bila ya kusita. Usiishie hapo. Teremka chini, fungua kurasa ulikotolewa, soma mwenyewe.

Kisha uliza: huyu anayesema ni nani, na atapata nini nikimwamini? Anayekuambia ugonjwa huu hauna dawa, haguswi mfuko wake na neno hilo. Anayekuambia dawa anayo yeye peke yake, na tena kesho bei itapanda, maneno yake yana bei. Anayetangaza kazi ya serikali kisha akataka utume pesa kwa simu ili uitwe kwenye usaili, mkimbie. Na habari ikiwa nzito, itafute kwa mtu wa pili na wa tatu, lakini hakikisha kwamba hawakunakiliana. Kurasa kumi zenye maneno yale yale, hata makosa ya herufi yale yale, ni shahidi mmoja aliyevaa kanzu kumi.

YASIYOULIZWA SIMU

Kuna mambo ambayo hata ukiuliza kwa adabu zote hizi, simu si mahali pake. Mtoto mwenye homa kali, anayetapika kila anachokunywa au aliyelegea, apelekwe zahanati saa hiyo hiyo. Dakika za kusoma si za kwake. Shamba nalo lina macho ya kulitazama: afisa ugani wa kata anaweza kuona mteremko wa ardhi, njia ya maji na rangi ya udongo, mambo ambayo mkulima hakujua hata kuyaandika katika swali. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, pale Mbeya, ni miongoni mwa vinavyoshughulikia viazi mviringo, na TOSCI ndicho chombo cha serikali kinachothibitisha ubora wa mbegu. Simu ikikupa jina la mtu au ofisi ya kwenda, tayari imefanya kazi kubwa. Wala usiwaache wazee. Wako wanaojua ni bonde lipi liliwahi kunyausha viazi miaka 20 iliyopita, na habari hiyo haijaandikwa popote.

MWENYE KUJUA AANDIKE

Na hapa ndipo ninapotaka kukuachia wajibu mmoja, ndugu msomaji.

Karani wa maktaba hawezi kuleta kitabu ambacho hakikuandikwa. Mara nyingi tunauliza kwa Kiswahili safi, kwa maneno sahihi, na bado tunaletewa majibu machache, au maandishi yaliyotafsiriwa na mashine mpaka hayaeleweki. Hapo tunaulaumu mtambo. Lakini ukweli ni kwamba maandishi ya Kiswahili katika intaneti bado ni haba ukiyalinganisha na wingi wa wasemaji wake, na habari za mahali kama Wanging'ombe ni haba zaidi. Palipokuwa tupu, muuza chupa hupajaza. Yeye hachoki kuandika.

Wewe mwalimu wa kilimo, andika ulichokiona katika kata yako, na utaje tarehe na mahali. Wewe muuguzi, andika kwa lugha ya kina mama namna ya kutambua dalili za hatari. Wewe kijana uliyesoma chuo, usiiache kazi yako ya utafiti ilale kabatini kwa Kiingereza. Itolee muhtasari wa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Tumia majina yote ya kitu, la kwetu na la Pwani, ili anayeuliza kwa lolote akufikie. Na ukinukuu, sema umenukuu kwa nani.

Kuna mkulima mahali fulani ambaye msimu ujao ataona majani yake yamelala mchana yangali kijani. Atatoa simu na kuandika swali lake, pengine kwa haraka, pengine kwa maneno yasiyokamilika. Atakachokikuta huko kinategemea ni nani kati yetu aliyetangulia kuandika.